NYUMBA YA WAWILI IANDIKWE KABLA YA KUHAMIWA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika neema ambazo Mwenyezi Mungu amewakumbusha waja wake ni neema ya nyumba. Ameitaja katika Sura ya An-Nahl, aya ya 80, akatufahamisha kuwa Yeye ndiye aliyezijaalia nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu. Na neno hilo la utulivu lililotumiwa katika aya hiyo ni la asili moja na neno lililotumiwa katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 21, pale Mwenyezi Mungu alipotueleza kwa nini mume akaumbiwa mke. Basi nyumba na ndoa zimekusudiwa jambo moja, nalo ni kutulia kwa moyo.

Kwa ajili hiyo, mume na mke wanapojinyima, wakaweka akiba kidogo kidogo, wakanunua kiwanja, wakatia msingi, wakapandisha kuta mwaka huu na kuezeka mwaka ujao, kisha wakaanza kufunga vyombo vyao ili watoke katika nyumba ya kupanga na kuhamia katika nyumba yao, hilo ni jambo la kupongezwa na la kushukuriwa Mungu. Sisi twawaombea baraka wote walio katika hali hiyo. Na kwa kuwa twawapenda, twaona ni wajibu wetu kuwanasihi juu ya jambo moja ambalo wengi hulisahau, na matokeo ya kulisahau ni machozi, na kesi, na ndugu kuhasimiana mpaka kufa.

KINGA ZISIZOKINGA

Wako katika watu wetu ambao, kabla mwashi hajachimba msingi, humwendea mganga kwanza. Hutakwa mbuzi, damu yake ikamwagwa katika shimo la msingi, ati majini wenye mahali wapate kuridhika. Nyumba ikifika mlangoni, huzikwa hirizi chini ya kizingiti. Nayo ikiisha, mwenye nyumba humwendea mpiga falaki kuchaguliwa siku ya kuhamia, na huambiwa asihamie Mfunguo Tano, kwani huo ni mwezi wa nuhusi, na khasa Jumatano yake ya mwisho.

Haya yote hayana asili katika dini. Kuchinja kwa ajili ya majini ni kumchinjia asiyekuwa Mwenyezi Mungu, na Imam Muslim amepokea kwa Sayyidna Ali kwamba Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa mwenye kufanya hivyo amelaaniwa na Mwenyezi Mungu. Na ama nuhusi ya mwezi wa Safar, ambao ndio Mfunguo Tano, Mtume (s.a.w.) ameikanusha waziwazi katika hadithi aliyoipokea Abu Huraira, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Mtu akitaka kuchinja kwa jina la Mwenyezi Mungu, kwa kushukuru, akawalisha jirani na maskini, hapo hapana ubaya. Waarabu walikuwa wakikijua chakula cha nyumba mpya na wakikiita wakira, na wanavyuoni wamekitaja kwa wema.

Leo, hata hivyo, hatukukusudia kuyarefusha maneno hayo, kwani yamekwisha kusemwa mara nyingi. Twataka kuonyesha ajabu iliyomo ndani yake. Mtu huyu anayemwogopa jini asiyemwona, haogopi ugomvi wa mali anaouona kila mwaka katika nyumba za jirani zake. Huzika chini ya kizingiti karatasi yenye visanduku na tarakimu zisizosomeka na yeyote, na papo hapo hushindwa kuandika karatasi moja inayosomeka na kila mtu, yenye kueleza: ardhi hii ni ya nani, fedha zilizojengea zimetoka kwa nani, na kila mmoja katika sisi ana fungu gani.

Na hiyo karatasi ya pili ndiyo tuliyoamrishwa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, nayo ni ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, haikuja kutufunza kafara wala hirizi. Imekuja kutufunza kuandika mapatano ya mali, na kuweka mashahidi, na kutochoka kuandika, liwe jambo dogo au kubwa. Je, si ajabu kwa umma uliopewa aya hiyo kuishi kama umma usiokuwa na kalamu?

MTUME (S.A.W.) ALIPOHAMA

Tutazame alivyofanya yule ambaye sisi tumeamrishwa kumfuata. Katika mwaka 622 Mtume wetu (s.a.w.) alihama Makka, akaingia Madina. Alikuwa ni mgeni asiye na nyumba, na watu wote wa mji walikuwa wakigombea kumkaribisha. Akakaa kwa muda katika nyumba ya Abu Ayyub Al-Ansari. Ngamia wake alipiga magoti katika kiwanja kilichokuwa kikianikwa tende, na kiwanja hicho kilikuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhail.

Mtume (s.a.w.) hakusema kuwa yeye ni mjumbe wa Mungu na ardhi yote ni ya Mungu. Aliwaita vijana wale awape thamani ya kiwanja chao. Wao wakataka kumpa bure. Akakataa kukipokea bure mpaka akakinunua. Haya yamo katika Bukhari, katika hadithi ndefu ya Hijra. Baada ya hapo ndipo msikiti ulipojengwa, na yeye mwenyewe akichukua matofali ya udongo pamoja na Sahaba zake, na kando ya msikiti vikajengwa vyumba vya wake zake.

Ndugu zetu, hapo pana mafunzo makubwa. Nyumba ya kwanza ya Madina haikusimama juu ya haya ya mtoto asiyeweza kumwambia mkubwa hapana. Mwenye mali aliulizwa, mali ikathaminiwa, na haki ikajulikana kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Na yule yule Mtume (s.a.w.) ndiye aliyetuonya, katika hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kuchukua shubiri moja ya ardhi kwa dhuluma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama.

Basi ninyi mnaojenga, swali la kwanza liwe la ardhi. Hapa Mombasa tunazo nyumba nyingi zilizosimama juu ya ardhi ya wengine, mwenye nyumba akilipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi, na watu huziita nyumba bila ardhi. Mwenye kununua nyumba ya namna hiyo amenunua mawe na mabati, hakununua mchanga ulio chini yake, na ni wajibu alijue hilo kabla ya kumwambia mkewe kuwa wamepata kwao. Wengine hujenga ghorofa juu ya paa la nyumba ya wazee. Mzee akiwa hai, kila mtu hutabasamu. Mzee akifa, huulizwa: paa hili alipewa huyu kwa hiba, au aliazimwa, au ni la warithi wote? Na aliyejenga hana jibu, kwa kuwa siku ile alipoambiwa na baba yake, "Jenga, mwanangu," hapana aliyeuliza neno hilo lina maana gani.

MALI YA MKE NI YA MKE

Sasa tuje katika jambo lenyewe tulilolikusudia, nalo ni la wawili hawa, mume na mke.

Zamani ilikuwa desturi kwa mume kujenga peke yake. Leo mambo yamegeuka. Mke auza bangili na mikufu yake ili boriti zinunuliwe. Mke acheza mchezo wa fedha na wenziwe, na zamu yake ikifika fedha zote zaingia katika simiti. Mke apika mahamri tangu alfajiri, au afundisha skuli, au akaa duka. Wako na waliokwenda Saudia na Qatar kufanya kazi katika nyumba za watu, wakawa kila mwezi wapeleka fedha kwa waume zao ili kuta zipande. Na nyumba inapokwisha, hati huandikwa jina moja tu, la mume. Wala hufanyika hivyo bila ya ubaya wa moyo mara nyingi. Hufanyika kwa mazoea.

Sharia yasema nini? Sharia yasema kwamba kumpatia mke maskani ni wajibu wa mume. Limetajwa hilo kwa wanawake walio katika eda katika Sura ya At-Talaq, aya ya 6, na mke aliye ndani ya ndoa ana haki hiyo zaidi. Mke hakulazimishwa kutoa hata senti moja katika nyumba. Na mali yake ni yake peke yake. Sura ya An-Nisaa, aya ya 32, yatufahamisha kuwa wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake kadhalika wana fungu katika walichokichuma wao. Na aya ya 4 ya Sura hiyo hiyo haikumhalalishia mume kula hata katika mahari aliyoyatoa mwenyewe, ila mke akimpa kitu humo kwa ridhaa ya nafsi yake.

Zainab, mke wa Abdallah bin Mas'ud, alikuwa na mali yake na mumewe alikuwa ni mtu fakiri. Akaenda kuuliza kwa Mtume (s.a.w.) kama sadaka atakayompa mumewe na mayatima walio chini yake itafaa. Akajibiwa kwamba atapata thawabu mara mbili, ya ujamaa na ya sadaka. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Tazameni: lau mali ya mke ingekuwa ni ya mume kwa ndoa tu, Zainab angekuwa amemrudishia mwenyewe kilicho chake, na thawabu za sadaka zisingalitajwa.

Kwa hivyo fedha za mke zilizoingia katika nyumba haziwi za mume kwa kuwa zimeingia katika ukuta wake. Na wala kunyamaza kwa mke si hiba. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi katika watu wa pwani yetu, kanuni mashuhuri ni kwamba mwenye kunyamaza hanasibishiwi neno. Na hiba haitimii ila kwa kutamkwa, na kukubaliwa, na kukabidhiwa. Mke aliyenyamaza kwa haya, au kwa kupenda, au kwa kuchelea kuambiwa kuwa ana tamaa, hajampa mtu kitu.

HESABU YA SIKU YA MSIBA

Tutoe mfano wa hesabu, ili jambo lisibaki katika maneno matupu.

Tuseme mume na mke wamejenga nyumba yenye thamani ya shilingi 4,800,000. Nusu ya fedha ilitoka kwa mume na nusu kwa mke, na hati ikaandikwa jina la mume. Mume akafa, akaacha mke huyo, na mabinti wawili, na ndugu mmoja wa kiume wa baba na mama, wala hana wazazi walio hai wala mtoto wa kiume.

Watu watakwenda kwa Kadhi, na Kadhi atatazama hati. Nyumba nzima itahesabiwa kuwa ni tirka ya marehemu. Mke atapewa thumuni, nazo ni shilingi 600,000. Mabinti watapewa thuluthi mbili, nazo ni shilingi 3,200,000. Kilichobaki, shilingi 1,000,000, atakichukua ndugu kwa kuwa ni asaba. Mgawanyo huu wenyewe ni wa haki, nao umetajwa katika Sura ya An-Nisaa na katika hadithi, wala hapana Mwislamu atakayeutia ila. Ila iko katika kilichogawanywa.

Lau haki ya mke ingalijulikana, shilingi 2,400,000 zingalitolewa kwanza, nazo zisingaliitwa urithi, bali ni mali yake. Tirka ingalikuwa ni shilingi 2,400,000 zilizobaki. Mke angalirithi humo 300,000; mabinti 1,600,000; na ndugu 500,000. Basi mjane ambaye haki yake ilikuwa ni shilingi 2,700,000 amepewa 600,000. Na yule ndugu, ambaye huenda akawa ni mtu mwema anayesali safu ya mbele, amechukua shilingi 500,000 zisizokuwa zake. Na mabinti nao wamerithi mali ya mama yao ilhali mama yao yu hai. Nyumba ikiuzwa ili kila mtu apate fungu lake, mjane hutoka na vyombo vyake kurudi katika nyumba ya kupanga, katika umri ambao hawezi tena kucheza mchezo wala kupika mahamri alfajiri.

Ni nani aliyemdhulumu? Si Kadhi, kwani yeye huhukumu kwa kilicho dhahiri, na mwenye kudai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Si sharia ya mirathi, ambayo ni ya Mwenyezi Mungu. Aliyemdhulumu ni yule anayelala kaburini, aliyekuwa akimpenda, na ambaye kwa miaka yote aliyokaa naye hakupata nafasi ya kuandika karatasi moja.

MTU ATAKAYESEMA

Huenda mtu akasema: "Kuandikiana baina ya mume na mke ni dalili ya kutoaminiana." Sisi twamjibu kwamba aya ya kuandika imeanza kwa kuwaita walioamini, haikuwaita wezi, na ndani yake Mwenyezi Mungu ametaja kwamba kuandika ni uadilifu zaidi, na huimarisha ushahidi, na huondoa shaka. Kisha twamuuliza: mbona umeandikiana na mwashi, ukaandikiana na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mwenye kuchimba kisima? Hao wote umewatunzia haki zao kwa karatasi, na mkeo umemtunzia kwa kicheko! Na tena, ndugu yetu, karatasi hii haiandikwi kwa sababu humwamini mkeo. Huandikwa kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo mlipokuwa mkihesabu fedha juu ya mkeka. Wewe wamjua aliyetoa. Warithi wako hawamjui. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari.

Mwingine atasema: "Mke wangu ala chakula changu na avaa nguo zangu, basi alichotoa ni badali ya hayo." Twamwambia kwamba chakula na nguo ni wajibu wako, na wajibu haudaiwi badali.

Na wa tatu atasema: "Mimi nimekwisha kuusia kuwa nikifa nyumba hii ni ya mke wangu." Huyu amekusudia kheri lakini amekosea njia. Mke ni mrithi, na Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa mrithi hausiwi, na wasia wa namna hiyo haupiti ila warithi wengine wakiuridhia. Kilicho chake hakihitaji wasia. Chahitaji kukiriwa na kuandikwa sasa, hali wewe ni mzima. Ukingoje maradhi ya mauti, hata ikrari yako itaingiwa na shaka, na wanavyuoni wamekhitalifiana juu yake.

Nanyi dada zetu, tusikilizeni kwa insafu. Haki hii ina pande mbili. Ikiwa mume amejenga kwa jasho lake peke yake, basi nyumba ni yake, na mke ana haki ya kukaa humo kwa ndoa, na fungu lake la mirathi, na haki zake nyinginezo. Si halali kwake kudai nusu kwa uongo mbele ya mahakama. Wala si halali kumghilibu mume mgonjwa akaandika nyumba nzima kwa jina la mke ili mama yake na ndugu zake wanyimwe. Dhuluma haibadiliki kuwa haki kwa kuwa aliyedhulumu ni mwanamke.

NJIA NNE

Kabla ya kuhama, mume na mke wakae pamoja, wachague njia moja katika hizi nne, wala wasibaki katikati.

Ya kwanza, nyumba iwe ni ya sharika. Kila mmoja ana fungu lake linalojulikana, nusu kwa nusu, au thuluthi kwa thuluthi mbili, kwa kadiri walivyotoa au walivyoridhiana.

Ya pili, alichotoa mke kiwe ni karadha. Mume ni mdaiwa wake, na kiasi kiandikwe. Akifa kabla ya kulipa, deni hilo hutolewa kwanza ndipo mirathi igawanywe, kama ilivyotajwa katika aya za 11 na 12 za Sura ya An-Nisaa.

Ya tatu, alichotoa mke kiwe ni hiba au sadaka kwa mumewe. Hili ni jema, na mfano wake ni Zainab; lakini alitamke mwenyewe kwa khiari yake, bila ya kutishwa wala kuonewa haya, na liandikwe ili lisije likadaiwa baadaye.

Ya nne, nyumba iwe ni ya mmoja wao tu, kwa kuwa ni yeye aliyeijenga, na mwenzake akiri hivyo.

Kila moja katika njia hizi ni halali. Isiyo halali ni ya tano, ambayo ndiyo wengi wanaipita: kutojulikana.

Na hapa twataka kuwazindua juu ya jambo la hati. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inatambua namna mbili za watu wawili kumiliki ardhi. Katika namna ya kwanza, ambayo ni umiliki wa pamoja, hapana mwenye fungu mbali. Mmoja akifa, mali yote humwendea aliyebaki. Katika namna ya pili, ambayo ni umiliki wa hisa, kila mmoja ana fungu lake, na akifa fungu hilo huwa ni tirka yake. Mwislamu na achague hii ya pili, na mafungu yatajwe kwa hesabu. Kwani katika mfano wetu, lau hati ingaliandikwa kwa namna ile ya kwanza, mjane angalichukua shilingi 4,800,000 zote, na mabinti na ndugu wangalikosa haki waliyopewa na Mwenyezi Mungu. Tusikimbie dhuluma ya mlango huu tukaingia katika dhuluma ya mlango wa pili.

Tena tusijidanganye kuwa serikali itatutengenezea baadaye. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 imempa Mwislamu ruhusa ya kuhukumiwa kwa sharia ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Na kwa wale wasiokuwa chini ya sharia yetu, Mahakama ya Juu ya Kenya ilikata shauri mwaka 2023 kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe kwa kuwa watu wameoana. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Basi ukienda kwa Kadhi utaulizwa ushahidi, na ukienda kwa Jaji utaulizwa ushahidi. Risiti za mawe na mabati zitunzwe. Khabari za fedha zilizopelekwa kwa simu au kwa benki zisifutwe. Na karatasi ya mapatano isainiwe mbele ya mashahidi waadilifu, kila mmoja abaki na nakala yake.

SIKU YA KUHAMA

Hayo yakiisha, hameni siku yoyote mpendayo, kwani siku zote ni za Mwenyezi Mungu. Mlipeni mwashi na vibarua wake ujira wao kwa ukamilifu. Haifai mtu kulala usiku wa kwanza chini ya paa ambalo aliyelipandisha hajalipwa. Mlipeni mwenye nyumba mnayotoka kodi yake iliyobaki, mkamrudishie mahali pake pakiwa pasafi. Waombeni radhi jirani zenu wa zamani, kwani jirani hakosi kuudhika. Mkifika, ingieni kwa salamu, kama tulivyofunzwa katika Sura ya An-Nur, aya ya 61, na sala isimame ndani yake kabla ya kupangwa makochi. Kwani Nabii Musa na ndugu yake walipoamrishwa kuwawekea watu wao nyumba katika Misri, waliamrishwa papo hapo kusimamisha sala, kama ilivyo katika Sura ya Yunus, aya ya 87.

Na hapo chini ya kizingiti pasizikwe kitu. Nyumba ambayo kila shilingi iliyomo inajulikana mwenyewe, na ambayo yatima hatatolewa humo, wala mjane hatanyang'anywa, hiyo ina kinga kubwa kuliko hirizi ya mganga yeyote.

Mwisho, tumkumbuke Bibi Asia, mke wa Firauni. Alikuwa akikaa katika majumba ambayo hapana katika sisi atakayejenga mfano wake, na yalikuwa ni majumba ya dhuluma. Hakutaka kubaki nayo. Alimwomba Mola wake amjengee nyumba Kwake, Peponi, na dua yake imehifadhiwa katika Sura ya At-Tahrim, aya ya 11, ikawa mfano kwa walioamini wote, wanaume na wanawake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie wote wanaojenga nyumba za halali, zenye utulivu na mapenzi. Awaondolee vizazi vyao ugomvi wa mali. Na atujaalie sisi na ninyi kuwa katika wenye kujengewa nyumba ile isiyogombewa na warithi. Amin.

Wabillahi taufiq.